Msaidizi wa Makocha Watatu

Hakutaka tumwite kocha. Siku yangu ya kwanza ya mazoezi, msichana mmoja alimpazia sauti, "Kocha!" naye akageuka haraka kama mtu aliyeitiwa mwizi. "Kocha ni yule pale," akasema, akimwonyesha kwa kidevu mzungu mzee aliyekuwa anaongea na simu kando ya uwanja. "Mimi ni msaidizi." Halafu akanitazama mimi, mswahili peke yangu mle, akalirudia kwa lugha yetu: "Niiteni Msaidizi." Basi timu nzima ikalichukua hilo neno. Wasichana ambao hawakujua Kiswahili hata cha salamu wakawa wanapiga kelele "Msaidizi! Msaidizi!" kila mmoja alivyojaliwa kulitamka, na wachezaji wa vyuo vingine wakadhani ndilo jina lake.

Lakini mimi nitasema mpaka siku ya mwisho kwamba sijawahi kuona mtu anayetaka kuitwa kocha kama yule mama. Alikitaka hicho kitu mpaka kikamkaa usoni. Safari moja tulikuwa tunacheza ugenini, kocha mkuu akashikwa na mafua, ikabidi yeye ndiye atuongoze. Tuko kwenye basi tunamsubiri, tukamwona anafungua buti la gari lake anatoa koti jeusi la heshima, limepigwa pasi, bado liko ndani ya nailoni ya dobi. Sijui lilikuwa limelala mle buti tangu lini. Alilivaa juu ya suruali ya mazoezi, akapanda, akakaa kiti cha mbele ambacho siku zote hakikaliwi na mtu mwingine. Tulishinda mechi ile. Wakati wa kurudi sisi tulisinzia, yeye alikaa wima mpaka Toronto, macho barabarani utadhani ndiye dereva. Mazoezi yaliyofuata mzee alikuwa amepona, na Msaidizi alikuwa amerudi kubeba mfuko wa mipira. Nikamchokoza, "Msaidizi, koti liko wapi?"

"Limepewa likizo," akajibu, akacheka kuliko mimi.

Alizaliwa wapi, mume yuko wapi, watoto wanasoma nini, hayo msiniulize. Kiswahili chake kilikuwa cha Dar, hilo halikuhitaji kuulizwa. Asubuhi aliwahudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea wazee, akiwaogesha na kuwalisha uji, mchana anakuja uwanjani na ile blauzi ya kazi yenye vijiua, anajibadilisha ndani ya gari, anatoka ni mtu mwingine. Kazi ya usaidizi wa kocha kwenye timu za wasichana vyuoni haimwekei mtu chakula mezani, na mkataba ni wa msimu. Kila theluji ikianza kuyeyuka ulikuwa unamwona anapungua maneno, mpaka ofisi ya michezo impigie kumwambia arudi tena. Wakishampigia anarudi kututania kama kawaida, na sisi tunajua mkataba umepatikana.

Namna yake ya kusajili wachezaji ndiyo iliyonileta pale. Mimi nilikuwa nimepata barua pepe za vyuo vingine, za maneno mazuri mazuri, mama yangu hawezi kuzisoma wala hana haja nazo. Msaidizi hakuandika. Alipanda lifti mpaka kwetu Flemingdon Park Jumamosi moja, akavua viatu mlangoni, akapita moja kwa moja jikoni. Mama alikuwa anachambua maharage. Akavuta kiti, akaingiza mkono kwenye sinia, wakachambua pamoja. Waliongea bei ya ndizi mbichi, wakaongea kanisa, wakaongea jinsi watoto wa huku unavyowasemesha Kiswahili wanakujibu Kiingereza. Mimi nimesimama mlangoni na jezi yangu nasubiri wataje mpira. Wapi! Maharage yakawekwa jikoni kwanza. Ndipo akanawa mikono, akasema, "Mama Neema, nimekuja kukuomba mtoto."

Mama akacheka. "Kwani unamchumbia?"

"Namchumbia kabisa. Namtaka chuoni kwetu, acheze, asome, amalize. Nitamwangalia kama wangu."

Mama hakuuliza swali lingine. Alisema, "Basi nimekukabidhi," na Msaidizi akasema, "Nimepokea, dada yangu." Yalikwisha hapo. Vile vyuo vingine vilikuwa na viwanja vizuri kuliko vyetu, na kimoja kilikuwa na basi lenye choo, lakini kwa mama yangu shughuli ilikuwa imefungwa. Na mimi, niseme ukweli, nilifurahi kupita kiasi.

Alikuwa mkali. Kiswahili changu kilikuwa kimeanza kuoza, naye akaweka sheria: "Ukinijibu Kiingereza nakuweka benchi." Nilidhani ni mzaha mpaka siku aliponiweka. Kwa miaka yote niliyokuwa pale, mimi na yeye hatukuwahi kuongea lugha nyingine tukiwa wawili. Aliniambia mambo ya uwanjani kwa maneno ya jikoni. Winga akikaa na mpira sana alisema, "Huyo anakoroga, hapakui." Nikikimbia bila kutazama, "Neema, unakimbia kama umeacha chungu motoni." Hapo hapo nilimwelewa, kuliko makocha wakuu wote na ubao wao wa mishale.

Alikuwa na msemo wake mwingine, "Msaidizi hana maoni, ana mapendekezo." Aliusema huku anakunja mdomo. Katikati ya mechi ungemwona anamsogelea kocha mkuu, mikono nyuma, anamnong'oneza. Baada ya muda mfupi kocha anapiga kelele kwamba beki wa kushoto apande. Sisi benchi tunaminyana mbavu. Beki anapanda, goli linaingia, kocha anapongezwa, na Msaidizi ameinama anaokota chupa za maji. Hakuwahi kupuliza kipyenga kocha akiwepo. Alikuwa nacho shingoni, anapiga makofi tu.

Machozi yetu yote yalikuwa yake. "Usinililie uwanjani," alisema, "nililie kwenye gari." Lile gari lake dogo limesikia mambo, jamani. Aliyeachwa na mpenzi, aliyefeli hesabu, ambaye baba yake amepoteza kazi kiwandani, wote waliingia mlango wa mbele, wakakuta tishu na pipi za tangawizi. Kocha mkuu hakujua kitu. Kazi ya kusikiliza ilikuwa ya msaidizi, naye ndiye aliyeamua kipi kimfikie kocha na kipi kifie garini. Mwaka mama yangu alipolazwa, nilikosa mazoezi wiki nzima na hakuna aliyenigusa. Nilikuja kujua baadaye kwamba Msaidizi alikuwa amekwenda kwa kocha na mapendekezo yake. Kila jioni ya wiki hiyo alifika hospitali na chupa ya uji, akamnywesha mama kwa kijiko kwa ule utaratibu wake wa kazini, huku wanachekana. Kwa hiyo mtu asije akaniambia kwamba yule mama hakuwa na moyo. Alikuwa nao, na mimi nimeukalia kwenye kiti cha mbele.

Makocha walikuja na kuondoka. Yule mzee alistaafu mwisho wa mwaka wangu wa kwanza. Sote tulijua sasa ni zamu ya Msaidizi. Ofisi ikamleta kijana aliyekuwa msaidizi wa timu ya wanaume, kijana wa juzi, ndevu zinaota kwa kusuasua. Msaidizi alimpokea kwa mikono miwili, akamwonyesha ufunguo wa stoo, akamwambia bomba gani la bafuni linavuja. Miaka miwili yule kijana alijifunza kazi mgongoni kwake, kisha akaitwa chuo kikubwa zaidi, akaenda, akaacha hata ubao wake. Hapo nilimkuta Msaidizi stoo anakunja vizibao vya mazoezi. Nikamuuliza kama safari hii ameomba nafasi.

"Naomba kila mara, mwanangu."

"Na wanasemaje?"

"Wanasema timu haiwezi kunikosa pale nilipo." Alikunja kizibao kingine, akakiweka juu ya vingine. "Umewahi kusikia mtu anasifiwa hivyo?"

Wakati huo mimi ndiye nahodha, naingia mwaka wangu wa mwisho. Tangazo likatoka: kocha mkuu mpya ni mwanamke, anatoka nje ya mji, hajawahi kutuona tukicheza. Wasichana wakawaka. Kwenye kundi letu la simu usingeweza kusoma kwa jinsi ujumbe ulivyokuwa unamiminika. Tukakubaliana: siku ya kwanza ya yule mgeni hatuingii uwanjani. Tutavaa njumu, tutakaa benchi, tutasema tunataka ofisi itueleze kwa nini Msaidizi amerukwa tena. Hatutaki matusi, hatutaki fujo.

Mimi nikawaambia wenzangu subirini. Kwetu humpiganii mtu mzima bila kwenda kwake kumwambia. Unakwenda na mkubwa wako, unapeleka jambo, unaomba baraka zake. Akikataa, mnaacha. Wenzangu walinicheka kidogo, wakasema sawa, nenda kachukue hizo baraka.

Nikaenda na mama, kule Kingsview Village alikokuwa anaishi Msaidizi, ghorofa inayotazama ndege zikishuka. Alitupikia chai ya maziwa na maandazi. Mama ndiye aliyesema, kama inavyotakiwa. "Dada, hawa watoto wanataka kukusimamia. Siku mgeni akija hawatacheza. Wamemtuma nahodha wao aje kukuomba baraka. Kama hutaki, sema, na hapa hapa litakufa."

Msaidizi alimmiminia mama chai nyingine. Alinitazama mimi muda mrefu, machozi yakamlengalenga. Akasema, "Mungu yupo." Akasema, "Kuleni, maandazi yanapoa." Hakusema ndiyo. Lakini hapana hakuisema, na mama alikuwa amemwekea mlango wazi kabisa wa kuisema. Tulipoaga alivaa koti la baridi, akateremka nasi kwenye lifti, akatusindikiza mpaka kituo cha basi, na upepo ule wa barabara ya Dixon unavyokata masikio. Alisimama nasi mpaka basi likaja, akampakia mama mfuko wa maandazi, akatupungia mkono.

Ndani ya basi mama akaniambia, "Umeona? Ametusindikiza mpaka kituoni. Keshakubali." Na mimi nikakubali kwamba amekubali. Mtu aliyekuzwa hapa angesema hajajibu. Sisi wawili, mama na mwana, tulirudi Flemingdon na jibu letu.

Siku ikafika. Tulikaa benchi, timu nzima, njumu zimefungwa. Kocha mpya alikuja na tabasamu lake, akapuliza kipyenga, hakuna aliyeinuka. Nikasimama nikasema tulichokubaliana, kwa adabu. Msaidizi alikuwa katikati ya uwanja anapanga koni. Hakuinua kichwa. Aliendelea kupanga, moja baada ya nyingine, mstari umenyooka, na mimi nikajiambia moyoni kwamba anaficha furaha.

Tukaitwa ofisini kwa mkurugenzi wa michezo: mimi, kocha mpya na Msaidizi. Mkurugenzi hakumpigia mtu kelele. Alimgeukia Msaidizi akamuuliza swali moja tu, kama alikuwa anajua.

Alijibu kwa Kiingereza. Alisema hakujua chochote. Alisema wasichana ni wazuri ila ni wadogo, na nahodha ana kipaji cha kuwachochea wenzake, na kwamba yeye mwenyewe ameumizwa kuona jina lake linatumiwa namna ile. Sauti ilikuwa tulivu, mikono mapajani. Mimi nilikuwa nimekaa kiti cha pembeni yake, karibu kiasi kwamba nilisikia harufu ya tangawizi. Nikamwambia kwa Kiswahili, "Msaidizi, lakini tulikuja kwako." Akamwangalia mkurugenzi, akamwambia kwa Kiingereza kwamba haelewi ninazungumzia nini.

Haelewi! Kiswahili hicho ambacho kwa ajili yake niliwekwa benchi!

Ningeweza kumtaja mama yangu kama shahidi. Sikumtaja. Ningemleta vipi mama yangu mle, na Kiingereza chake cha kubabaisha, aje abishane na mtu aliyemnywesha uji? Nikavuliwa unahodha, na msimu wote nikaondolewa kikosini. Wenzangu waliambiwa waandike barua ya kuomba radhi, wakaandika, wakarudi kucheza, na siwalaumu sana. Ulikuwa msimu wangu wa mwisho. Nilikuwa nimeambiwa watu wa timu moja ya kulipwa wangekuja kunitazama vuli ile, na huyo aliyeniambia ni Msaidizi mwenyewe, na walikuja. Walimtazama mwingine. Mpira wangu wa kucheza uliishia mle ofisini, hilo nalisema bila kuzungusha, na mkataba wake Msaidizi ukaongezwa.

Mama alingoja simu yake. Kila simu ikilia alifuta mikono kwenye kanga akaangalia jina. Baada ya miezi aliniuliza, "Hata simu, Neema? Hata ya kusema amekosea?" Niliumia kwa ajili ya mama kuliko kwa ajili yangu. Mimi niliuzwa na kocha. Mama aliuzwa na rafiki, na huku rafiki wa kuchambua naye maharage hapatikani kirahisi.

Nilikutana naye mwaka huu, mtaa wa Agincourt, kwenye duka kubwa la vyakula vya Kiasia na vya kwetu. Mimi siku hizi nafundisha wasichana wadogo mpira Jumamosi, na nilikuwa nimeingia kununua machungwa ya mapumziko. Yeye alikuwa mbele ya friji la kisamvu. Kabla sijafikiri mdomo wangu ukasema, "Shikamoo." Nikajichukia papo hapo.

"Marahaba, mwanangu." Amezeeka kidogo, nywele za mbele zimekuwa nyeupe. "Mama hajambo?"

"Hajambo."

"Nimekuwa nikikutafuta." Tulikaa kwenye viti vya plastiki karibu na mlango, palipo na mashine ya kahawa. Akanieleza kwa mkupuo, kama mtu aliyejizoeza. Kuna chuo nje ya mji kinatafuta kocha mkuu wa wasichana. Ameitwa kwenye usaili, amepita, amebaki yeye na mwingine mmoja. Sasa wanataka kuongea na mchezaji aliyemlea, tena wamesema awe aliyewahi kuwa nahodha. "Nimekutaja wewe. Watakupigia Jumatatu."

"Umenitaja kabla ya kuniuliza?"

"Na kama nisingekupata?" Akanishika mkono. "Neema, hii ndiyo ya mwisho. Mimi mwili umechoka. Sema tu yale mazuri. Yapo mengi, unayajua."

Yapo, nayajua. Nilimwambia, "Nitawaambia wewe ndiye kocha bora niliyewahi kuwa naye. Sitadanganya. Halafu nitawaambia na yale uliyoyasema mle ofisini."

Aliutoa mkono. "Ningesema nilijua, wangetufukuza wote wawili. Nani angebaki na wale wengine? Unadhani yule mgeni angewapeleka kulia kwenye gari lake?"

"Ungetuambia hapana siku ile. Mama alikuuliza."

"Nilitaka mfanye." Alilisema polepole, anatazama mfuko wake wa kisamvu unaoanza kutoa maji. "Nilitaka sana mfanye. Nilitaka mtu asimame aseme lile neno, na nilitaka nisiwe mimi."

Nilingoja neno la pili, la kuomba radhi. Nilikuwa tayari kulipokea, wallahi, hata kama lingekuwa dogo kiasi gani, ningebeba machungwa yangu nikaenda zangu, na Jumatatu ningemsifu mpaka sauti ikauke. Watu walipita na vikapu. Yeye alifikiri, na nikaona kwenye uso wake ile sura ya pembeni ya uwanja, ya mtu anayetafuta pendekezo.

"Basi wakipiga," akasema, "waambie tu hunijui vizuri."

Walipiga Jumatatu, mwanamke mwenye sauti ya upole, akaniuliza juu yake. Nikamwambia samahani, simjui vizuri. Alinishukuru, akakata simu, na mimi nikakaa jikoni kwa mama yangu nikalia kwa hasira, kwa sababu lilikuwa neno la kweli kuliko yote niliyowahi kusema juu ya yule mama.